Nilivyolipokea Jani la Sirili

Wewe uliyefungiwa maandazi kwa gazeti la wiki iliyopita kabla hujalisoma, usijali. Nakukumbusha upesi, halafu tuendelee.

Mimi ni Theodora, wa Kibosho kwa kuzaliwa, wa Pasua kwa kuishi. Mume wangu alipofariki, wakwe walinirudisha kwetu na mwanangu Gladness mgongoni na cherehani yangu kwenye mkokoteni. Baba, Mungu amrehemu, akanipa chumba cha mbele katika nyumba yake ya mjini. Alisema mbele ya watu, "Hiki ni cha Dora. Ashone humo mpaka achoke." Nikashona. Nusu ya watoto wa Pasua walikwenda shule na sare zangu.

Baba akafa. Halafu lami ikaingia mtaani kwetu.

Aliyeishi Moshi miaka ile anajua lami ilivyotufanyia. Kila mwenye nyumba alibomoa ukuta wa sebule, akaweka mlango wa chuma, akaita fremu, akampangisha muuza simu au muuza vipodozi. Watu waliokuwa na sebule walianza kupokea wageni jikoni. Mdogo wangu Sirili naye hakukubali kuachwa. Jumapili moja natoka misa ya kwanza, nakuta ukuta wa chumba changu uko chini, na cherehani iko uani, karibu na jiko la mkaa, imefunikwa gunia.

Sikulia. Sikugombana naye. Niliacha tu kumsemesha.

Tulikaa hivyo muda mrefu, ndugu wawili katika nyumba moja. Krismasi tulipanda Kibosho kwa mama, kama Wachagga wote wanavyopanda kwao, tukala mbuzi mmoja. Akiniambia, "Shikamoo dada," mimi naangalia kuku.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Sirili aliposimama kwenye mlango wa uani, amevaa koti lake la harusi, mkono mmoja uko nyuma ya mgongo. Wengi mmeniuliza alishika nini. Mmoja alidhani panga.

Alishika jani la isale.

Kwa asiye wa mlimani: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, na juu ya makaburi. Ukimkosea mtu kosa zito, unachukua jani lake, unalifunga fundo, unakwenda kwake na mkubwa mmoja wa ukoo na mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi. Unapiga magoti. Uliyemkosea hana ruhusa ya kukataa. Na akishalipokea, kosa limekufa. Halitajwi tena, hata mkigombana, hata mkilewa.

Nyuma ya Sirili alisimama baba mdogo Melkior, mdogo wake marehemu baba, na ndoo ya mbege mkononi. Sirili akaingia, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mbele ya cherehani yangu.

"Shikamoo dada."

Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Nikaendelea kutunga.

"Dora," baba mdogo akasema, "mwenzio yuko chini."

"Namwona, baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa usimwache apate vidonda vya magoti. Sirili, sema."

Sirili akanyoosha jani kwa mikono miwili. Lilikuwa linatetemeka.

"Dada, nimekukosea. Nisamehe kwa ninayoyakumbuka na nisiyoyakumbuka. Nisamehe kwa unayoyajua na usiyoyajua."

Jamani, mimi nilidhani ni maneno ya kitubio. Sirili ni mwanakwaya, hata akiomba chumvi mezani anaomba kwa aya mbili. Nilijua kosa lake, kila mtu Pasua alilijua, lilikuwa na mlango wa chuma na kufuli. Nilisema moyoni, anapamba.

Mtu mwingine angeuliza, "Hayo nisiyoyajua ni yapi?" Mchagga haulizi. Aliyeshika isale hahojiwi, ni ukosefu wa adabu mkubwa kumhoji mtu aliye magotini. Ndivyo tulivyolelewa, na malezi hayo ndiyo yaliyoniponza.

"Ukikataa, Dora, unajua mwenyewe," baba mdogo akasema.

"Najua."

"Basi?"

Nikaweka sindano chini. Nikalipokea jani kwa mikono miwili.

Mtaniuliza nilijisikiaje. Sikujisikia. Niliona jani ni bichi, na kwamba aliyelifunga fundo alilikaza sana, nikalining'iniza kwenye msumari wa ukuta karibu na mkasi wangu. Baba mdogo akachota mbege kwa kata. Sirili akaonja kwanza, akanipa, nikanywa. Hapo Sirili akaanza kulia, mwanaume mzima na koti lake la harusi.

"Umenisamehe kweli, dada?"

"Nimepokea, Sirili."

"Lakini kweli? Kutoka moyoni?"

"Wewe vipi? Nimepokea, unataka nikuimbie?"

Baba mdogo alicheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Walipokuwa wanaondoka, Sirili akageuka. "Mama anakusalimu sana," akasema. Baba mdogo alikuwa anaangalia ndani ya ndoo ambayo haikuwa na kitu tena.

Wiki iliyofuata nilisikia makelele upande wa mbele. Nikazunguka. Ashif alikuwa anashusha rafu zake.

Huyu Ashif ndiye aliyepanga kile kilichokuwa chumba changu. Anauza simu na vocha. Ni Mwismailia, babu yake alikuwa na duka mjini tangu wakati wa Mwingereza, na Kichagga anakijua kuliko wanangu wa ukoo waliozaliwa Dar. Sikuwahi kumchukia. Yeye alipanga, hakubomoa. Hata umeme wa taa yangu ya uani nilikuwa navuta dukani kwake.

"Unapanua duka?" nikamwuliza.

Akaacha bisibisi. "Mama Gladness, wewe umepata wapi?"

"Nimepata nini?"

"Pa kuhamia."

"Nihame kwa nini mimi?"

Akaniangalia, halafu akaangalia rafu. Ashif akitaka kudanganya huwa anashika sikio, na safari hii hakulishika.

"Nyumba imeuzwa, dada. Wanabomoa baada ya Pasaka. Inajengwa ghorofa, chini maduka, juu vyumba vya wazungu wanaokuja kupanda mlima. Sirili aliniambia nitafute fremu nyingine. Nikamwuliza, na dada yako je? Akasema yameshaisha, dada amepokea jani." Akafuta mikono kwenye suruali. "Na mimi najua jani ni nini. Nikajua umekubali. Kwani sivyo?"

Nikakaa kwenye stuli yake ya wateja.

"Nikuletee maji?"

"Lete."

Akaleta. Sikuyanywa. Niliyashika tu mpaka glasi ikapata joto.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Nyumba ile haikuwa kitu kwa mtu mwingine, lakini mimi sikuwa na kingine. Wateja walijua wakitaka sketi ya marinda wanakuja pale, hata baada ya kusukumiwa uani bado walikuja, wanapita kwenye kichochoro wakiziba pua. Na chumba cha kupanga Pasua kilikuwa kimeshapanda bei mpaka mwalimu wa shule alikuwa anakaa chumba kimoja na wenzake wawili, kwa sababu kila chumba chenye dirisha la barabarani kilikuwa kimegeuka duka. Nikitoka pale, sina mjini.

Sasa nikafahamu yale "usiyoyajua." Nikafahamu na ule mtetemo.

Jioni Sirili akaja. Alisimama mlangoni uani.

"Shikamoo dada."

Nilikuwa nimeshapokea jani. Nilitakiwa kujibu.

"Marahaba."

"Umeshindaje?"

"Salama. Na wewe?"

"Salama. Mvua zimechelewa mwaka huu."

"Zimechelewa kweli. Huko mlimani migomba itapata tabu."

Wasomaji, tuliongea habari za mvua! Mtu ameuza paa la kichwa changu, na mimi nimekaa chini ya paa hilo hilo nazungumza naye habari za mvua, kwa sababu kosa limekufa na halitajwi. Sirili alikuwa amesimama ananiangalia kama anayengoja kupigwa. Nadhani siku hiyo angefurahi ningempiga. Nikamkaribisha chai. Akainywa yote, ikiwa ya moto, akaenda zake.

Usiku nililala vizuri. Hilo ndilo linanishangaza mpaka leo.

Lakini asubuhi nikapata wazo. Mila inanikataza kumtajia Sirili. Haijanikataza kumwuliza aliyenunua. Nikarudi kwa Ashif, nikamwuliza mnunuzi ni nani. "Mzee Gurdev," akasema. "Yule singasinga wa mbao."

Mzee Gurdev namjua. Baba alimwendeshea lori la magogo kabla sijazaliwa, na nikiwa mdogo nilichezea maranda kwenye karakana yake. Nilimkuta amekaa nje ya ofisi, ndevu zimekuwa nyeupe zote, anakunywa chai kwenye kisahani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si Dora wa dereva wangu? Kaa, kaa. Mletee chai huyu."

"Sikuja kwa chai, mzee. Nauliza tu. Mdogo wangu alikuja lini kukuuzia nyumba yetu?"

"Mdogo wako yupi?"

"Ninaye mmoja. Sirili."

Mzee akaweka kisahani chini. Akainua mkono, vijana wake wakazima msumeno. Nilitamani wasizime.

"Sirili hakuja kuuza," akasema. "Sirili alikuja kunipigia kelele. Alisimama pale pale ulipo, akaniambia mimi ni mwizi, halafu akalia, halafu akaniomba nivunje mapatano. Nikamwambia siwezi, aliyeuza hataki yavunjwe."

"Aliyeuza nani?"

"Mwanangu, hujui?"

"Sijui, mzee."

"Mama yako. Alishuka mwenyewe kutoka Kibosho, na mkungu wa ndizi wa kuniletea. Nilimwuliza, mama, watoto wana habari? Akasema nyumba marehemu alimwachia yeye, na ni kweli alimwachia yeye. Nikamwuliza tena. Akanikasirikia." Akavuta ndevu. "Nisingenunua mimi angenunua mwingine, Dora. Mtaa wenu wote unauzwa. Wa kulia kwenu ameuza, wa kushoto ameuza. Mngebaki katikati kama jino moja."

"Asante, mzee."

"Unywe chai basi."

"Nitakunywa siku nyingine."

Nilipanda gari la Kibosho siku ile ile. Njiani mama mmoja alinikanyaga mguu, akaniomba radhi, akaniomba tena, mimi sikuwa nimesikia maumivu wala samahani yake. Mpaka aliponishika bega ndipo nikamwambia haina neno.

Nilimkuta mama amekaa mlangoni kwenye kigoda, anamenya ndizi za mtori. Zizi lilikuwa wazi, ng'ombe wa mwisho aliuzwa zamani. Mibuni aliyoipanda baba ilikuwa imebaki michache, imeshikwa na kutu ya majani, hakuna wa kuipulizia dawa. Baba mdogo Melkior alikuwa upande wa pili wa uwanja, anafunga ua. Aliponiona akaacha kufunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, umeuza nyumba ya Pasua?"

Kisu hakikusimama. Akamaliza ndizi aliyoshika, akaitia kwenye sufuria ya maji.

"Nimeuza."

"Na Sirili alikuja kwangu na isale."

"Nilimtuma. Jani nililikata mimi, pale kwenye kaburi la baba yako. Fundo nilifunga mimi."

"Ulimtuma akaombe msamaha wa kosa lako?"

"Alikataa. Nikamwambia, Sirili, wewe dada yako ameshakununia, likiongezeka na hili hutasikia uzito. Mimi Dora akininunia nitakufa. Basi akalia, akavaa koti."

"Shemeji, mimi nilikukataza," baba mdogo akasema kutoka kule kwenye ua.

"Hukunikataza. Ulibeba ndoo."

Baba mdogo akashika tena kamba yake ya ua.

"Mama, kwa nini uliuza?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Ita mtu."

"Nimwite nani?"

"Yeyote. Simama hapo uite."

"Mama, sina muda wa..."

"Ita, Dora!"

Nikaita. Sijui niliita nini, nadhani niliita tu "Jamani!" Sauti ikaingia migombani. Tukasikiliza. Maji ya mfereji yalikuwa yanapita huko chini. Hakuna aliyeitika.

"Wakati wa baba yako," mama akasema, "ukiita hivyo wanatoka watu nyumba tano, na wengine wameshika mapanga. Sasa wote wako mjini wanauziana simu. Melkior anakuja akipata nafasi. Sirili ndiye kitinda mimba, kihamba ni chake na mimi ni mzigo wake, lakini mkewe hataki tope. Nilianguka kwenye mfereji, Dora. Wakati wa masika. Goti lilivunjika kitu ndani, nikalala pale kwenye maji naita. Niliita mpaka sauti ikakauka. Aliyeniokota alikuwa mlevi aliyepotea njia."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungekuja na dawa ya kuchua, ungelala siku moja, ungerudi kwenye cherehani." Akachukua ndizi nyingine, hakuimenya. "Nikakaa nikafikiri. Nikaona nyumba ya Pasua ikiwepo, hakuna atakayepanda huku, mtabanana humo mpaka mlale chooni. Isipokuwepo, Sirili ana duka lake na mke wake, lakini Dora hana pa kwenda. Dora atapanda. Nimeuza ili urudi nyumbani, mwanangu."

Alivyosema kwa upole! Kana kwamba ananiandalia kitanda.

Nilisimama pale. Nilijua sasa kwamba jani la Sirili lilimfunika Sirili peke yake, na Sirili hakuwa ameuza kitu. Mama hakuwa na jani lolote kwangu. Kwake sikufungwa na mila. Ningeweza kupiga kelele mpaka zisikike Moshi mjini, na haki yangu ilikuwepo yote. Nikaitafuta hasira. Nikatafuta hata huruma kwa yule bibi aliyelala kwenye maji akiita. Sikupata kimoja wala kingine, ndani kulikuwa kumenyamaza kama uwanja ule.

Nikachukua mkoba wangu.

"Dora," baba mdogo akasema, "sema neno, mwanangu. Hata la matusi."

Sikusema. Nikajifunga kanga vizuri, nikaanza kuelekea kwenye njia.

"Dora," mama akaita.

Nikaendelea.

"Dora! Usinifanye kama ulivyomfanya Sirili!"

Hapo nikasimama, nikageuka.

Mama alikuwa ameshaweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye gauni, akashika mwimo wa mlango, akasimama. Halafu, akiwa bado ameshika mwimo, akaanza kushuka. Nilidhani anarudi kukaa kwenye kigoda. Kigoda kilikuwa nyuma yake, naye alikuwa anashuka kwa mbele.

Baba mdogo ndiye aliyefahamu kwanza. Alitupa kamba.

"Shemeji! Shemeji, mama hampigii mwanawe magoti! Unataka kumlaani?"

Kwetu jambo hilo hata kulisimulia hatulisimulii. Mzazi akigusa ardhi kwa goti mbele ya mtoto wake, mtoto ameshapata la kubeba, na watoto wake watabeba, hakuna jani la kuliondoa. Mama alijua. Yeye ndiye aliyenifundisha nikiwa na urefu wa kisiki.

"Basi anisemeshe," mama akasema. "Anisemeshe tu, nasimama."

Goti la kushoto halikunjiki, ndilo lililoumia mferejini. Alikuwa anashuka kwa la kulia, polepole, na macho yake hayakuniacha. Baba mdogo alikuwa anakimbia lakini uwanja ule ni mpana na yeye ni mzee. Kati ya goti na ardhi kulikuwa kumebaki kiganja.

Neno moja lilitosha. "Mama" tu lingetosha. Nilifungua mdomo nilitamke, na hakuna kilichotoka.